MALI BILA DAFTARI: BIASHARA YA DUNIA NI SOMO LA KILA MWANANCHI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wakulima na wanafunzi katika mkutano wa elimu ya uraia)



Nimeombwa niseme juu ya misingi ya biashara ya kimataifa na jambo hili liitwalo utandawazi. Naona baadhi yenu mmekunja nyuso, mkidhani hilo ni somo la wenye mabenki na wenye shahada. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nataka kuwaonyesha kwamba sehemu kubwa ya daftari la taifa letu huandikwa katika biashara na nchi za nje, na mwananchi asiyeweza kulisoma huibiwa mchana, jua likiwaka.

Tuchukue zao mnalolijua: kahawa.

Msingi wa kwanza ni bei. Mkulima wa Nyeri au Kisii hupalilia, huchuma, hupeleka matunda kiwandani kwa chama chake cha ushirika, lakini bei hapangi yeye. Kahawa yake hupigwa mnada Nairobi. Wanunuzi wa mnada hutazama soko la New York. Na soko la New York hutazama Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa zao hili. Julai 1975 sakitu, yaani ile baridi inayogandisha umande, iliunguza mashamba ya Brazil. Bei ikaruka, hata kufikia 1976 na 1977 magunia yalikuwa yakivushwa kwa magendo kutoka Uganda kupitia Chepkube. Mkulima wetu hakuwa amebadili jembe lake wala udongo wake. Msiba wa Brazil ndio uliokuwa neema yake.

Neema hiyo haikudumu. Tangu 1962 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mkataba wa kimataifa, ambao chini yake kila nchi iligawiwa kiasi cha kuuza ili bei isiporomoke. Julai 1989 migao hiyo ilisimamishwa kwa sababu wenye mkataba walishindwa kupatana. Kahawa ikafurika sokoni, bei ikaanguka. Kenya, iliyovuna takriban tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, haijafika tena hapo. Miaka ya karibuni mavuno yamekuwa chini ya nusu ya kiasi hicho.

Sisemi kwamba lawama yote ni ya watu wa ng'ambo. Vyama vingi vya ushirika vililemewa na madeni na usimamizi mbovu, na malipo yakachelewa. Lakini mkulima asiyeelezwa habari ya soko humlaumu karani wa kiwanda. Pengine karani ana hatia, pengine hana. Bila daftari mkulima atajuaje?

Msingi wa pili ni thamani ya fedha. Kahawa huuzwa kwa dola, shamba hupaliliwa kwa shilingi. Tangu 1993 thamani ya shilingi yetu imeachiwa soko. Shilingi ikishuka, dola ile ile huleta shilingi nyingi zaidi. Lakini mbolea na mafuta, ambavyo hutoka nje, navyo hupanda. Kwa hiyo ulizeni: dola zilizolipwa mnadani zilibadilishwa siku gani, kwa kiwango gani, na zilikaa mikononi mwa nani kabla mkulima hajalipwa?

Msingi wa tatu ni mahali thamani inapoongezwa. Ujerumani haina shamba la kahawa, lakini imo miongoni mwa nchi zinazouza nje kahawa kwa wingi. Hununua mbichi, huikaanga, huifunga katika pakiti na kuiuza. Wengine watasema kizuizi chetu ni ushuru. Ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya hautozi ushuru kwa kahawa mbichi, ilhali iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5 ikitoka nchi isiyo na mapatano nao. Lakini Kenya ina mapatano hayo na haitozwi. Mbona basi tungali tunapeleka mbichi? Kwa sababu kahawa iliyokaangwa hupoteza ladha upesi, na jina la kuaminiwa dukani hujengwa kwa mtaji na kwa miaka mingi. Anayewaambia kwamba kufuta ushuru kutatutajirisha hajawasomea ukurasa mzima.

Sasa mtaniuliza: elimu hii yahusiana nini na haki na utawala bora? Nawajibu kwa neno moja: Goldenberg. Mapema miaka ya 1990, fidia iliyokusudiwa kuwatia moyo wauzaji wa bidhaa nje ililipwa kwa kiwango cha asilimia 35 juu ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo. Nchi hii haina machimbo ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa haba. Karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, alizitilia shaka hati zile, na mwaka 1993 habari zake zikawafikia wabunge wa upinzani. Alitiwa mbaroni na kupoteza kazi. Tume ya kuchunguza kashfa hiyo iliundwa 2003, miaka kumi baadaye. Munyakei hakuwa profesa wa uchumi. Alijua kusoma hati ya biashara, na alikuwa na dhamiri.

Msingi wa mwisho ni mikataba. Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 chasema kwamba mkataba ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Desemba 2023 serikali ilitia sahihi Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi na Umoja wa Ulaya, nao ukaanza kutumika Julai 2024. Bidhaa zetu huingia huko bila ushuru wala kikomo cha kiasi. Nasi tutafungua soko letu hatua kwa hatua, kwa muda wa hadi miaka 25. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima chini ya sahihi hiyo. Je, ni wangapi hapa walioisoma?

Wananchi wenzangu, neno utandawazi lina kutandaa, na lina uwazi. Kutandaa tumekuona; uwazi haujatimia. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Itumieni. Katika mkutano wa chama chenu cha ushirika, daini bei ya mnada, kiwango cha kubadilishia dola na kila makato, yaandikwe ukutani. Mwulizeni mbunge wenu ni mikataba gani imeletwa Bungeni na alisimama upande gani. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani likizo, wasomeeni wazazi stakabadhi zao.

Aliyefunguliwa daftari akakataa kusoma, asije kesho akalia kwamba mali imepotea bila habari.