Mtoto Aliyewekwa Rehani



Ndugu wasikilizaji wapendwa, na hasa ninyi mlio Kilwa, Lindi na kisiwani Songo Songo, Jumapili hii nawaletea kitabu kisichokaa katika kabati la sakristia. Si kitabu cha sala wala cha maisha ya watakatifu. Ni riwaya, iitwayo Peponi. Aliyeitunga ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, ambaye alikwenda Uingereza akiwa kijana. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Mwaka 2021 mwandishi huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya hiyo ikachapishwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Huenda katekista mmoja akauliza: Padre anatafuta nini katika riwaya, tena riwaya inayosimulia nyumba za Waislamu wa pwani? Nitamjibu kwa mambo mawili. Kwanza, Bwana wetu alipotaka kufundisha alisimulia hadithi za watu: baba na wanawe wawili, msafiri aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Pili, sisi Wakristo wa mwambao huu tu wachache. Jirani anayetuazima ngalawa, anayetuletea uji tukiwa wagonjwa na kutubebea jeneza, mara nyingi ni Mwislamu. Ni haki tujue jinsi nyumba yake inavyosimuliwa. Na katika kitabu hiki tunakutana na mtu tunayemfahamu sote, wao katika Kurani na sisi katika Mwanzo: Yosefu mwana wa Yakobo.

Yusuf wa riwaya ni mvulana wa miaka kumi na miwili. Wakati ni ule wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa bara ulio njiani mwa reli. Mara kwa mara huja tajiri mmoja wa pwani, jina lake Aziz, mwenye manukato na heshima nyingi, na kila aondokapo humwachia mtoto sarafu. Mtoto amezoea kumwita kwa jina la ukoo, kama mtu amwitavyo ami yake. Siku moja anaambiwa atasafiri na mgeni huyo. Anapanda gari moshi kwa furaha. Akifika pwani anawekwa dukani pamoja na kijana aitwaye Khalil, naye ndiye anayemfumbulia ukweli: yule si ami yako, baba yako anadaiwa naye, nawe umeletwa kuwa rehani ya deni.

Wapendwa, somo la kwanza limo katika jina hilo la ukoo. Mtoto hakukamatwa kwa kamba. Alichukuliwa kwa tabasamu, kwa sarafu na kwa neno tamu. Sisi wa Kilwa tuna sababu ya kulisikiliza jambo hili. Katika karne ya kumi na tisa misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa iliishia Kilwa Kivinje, na maelfu ya watu walipakiwa majahazini kupelekwa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lakini je, neno tamu limefutwa? Bado wako wanaofika vijijini mwetu wakisema, "Mnipe binti huyu, nitamlea kama mwanangu, atasoma mjini." Wapo wanaotimiza ahadi, na Mungu awabariki. Wapo pia ambao binti akifika kwao hulala jikoni, huamka kabla ya adhana ya alfajiri, hana daftari wala mshahara, na kumbe mzazi alikwisha kupokea fedha. Huyo naye amewekwa rehani, hata kama anamwita mwenye nyumba shangazi.

Somo la pili latuhusu wazazi. Baba yake Yusuf hakuwa mtu katili. Alikuwa mdaiwa mwenye aibu, na aibu ikamfunga kinywa. Anayeyajua maisha ya pwani anajua deni linavyoingia nyumbani: nyavu zimechanika, mashine ya boti imekufa, mgonjwa yuko hospitali, pweza hawakupatikana bamvua nzima. Kukopa si dhambi. Hatari huanza pale deni linapofichwa, hata siku moja mtoto akaonekana ndicho kitu pekee kilichobaki cha kulipia.

Tumtazame sasa mwanamke wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne. Mumewe amefariki, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Yeye hakunyamaza. Alimlilia nabii Elisha waziwazi. Nabii alimwuliza ana nini nyumbani, kisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, wala visiwe vichache. Mafuta yakajaa vyombo vyote. Akayauza, akalipa deni, akabaki na wanawe. Angalieni, wapendwa: muujiza ulipita katika vyombo vya majirani. Kama asingesema, na kama majirani wangekataa, mafuta yangemiminwa wapi?

Somo la tatu ni la bustani. Nyumba ya tajiri Aziz ina bustani nzuri yenye maji na miti ya matunda, ndiyo inayokumbusha jina la kitabu. Anayeitunza ni Mzee Hamdani, mtumwa wa zamani. Aliwahi kupewa uhuru kama zawadi akaukataa, kwa kuwa aliona uhuru wake haukuwa mali ya mwingine hata agawiwe. Hapo nilisimama kusoma. Ni kweli, heshima ya mtu yatoka kwa Muumba, wala hakuna bwana awezaye kuigawa. Lakini pia pepo ya mmoja ilimea kwa jasho la mwingine asiyelipwa. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 ilianza mwaka 2004 kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba kuzalisha umeme. Anayewasha taa mjini hukioni kisiwa kile. Vivyo hivyo, anayekaa katika sebule safi ajiulize: ni mtoto wa nani aliyeifagia, na je, analipwa, anasoma, anaruhusiwa kumpigia mama yake simu?

Yosefu wa Mwanzo aliuzwa kwa vipande ishirini vya fedha, lakini mwishowe aliwalisha ndugu zake na kuwasamehe. Yusuf wa riwaya hapati mwisho huo. Askari wa Wajerumani wanapopita, anaacha yote na kukimbia kuwafuata. Mtoto ambaye hakukombolewa na mtu anamkimbilia bwana mwingine, pengine mkali kuliko wa kwanza. Mwandishi hakutufariji, na nadhani alifanya vyema, maana faraja hiyo ni kazi iliyoachwa mikononi mwetu.

Basi, juma hili nawaomba mambo matatu. Wazazi, msimkabidhi mtoto kwa neno tamu. Ulizeni anakwenda nyumba gani na shule gani, mwenyekiti wa kijiji ajue, na mkamtembelee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko upande wenu. Wana jumuiya ndogo ndogo, mdaiwa akifungua kinywa msimcheke, bali leteni vyombo vyenu. Nanyi mnaoishi na watoto wa watu, mkirudi kutoka Misa leo, mwiteni kwa jina lake, mketi naye mezani, mlipe anachodai. Kama alitoka nyumbani kwao akiahidiwa shule, apelekwe shule.

Mwenyezi Mungu, aliyekuwa pamoja na Yosefu kisimani na gerezani, awe pamoja na kila mtoto aliye mbali na kwao. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.