Kisima cha wote, kamba anunue nani?

Ndugu msikilizaji, ukiingia benki hujisumbui kumwuliza karani ukoo wake. Unamwona nyuma ya kaunta, kitambulisho kifuani, basi unamkabidhi fedha zako. Kwenye intaneti hakuna kaunta. Huko kompyuta ya benki hujitambulisha kwa mafaili mawili madogo. La kwanza ni cheti, nacho huonyeshwa kila ajaye. La pili ni ufunguo wa siri, ambao haupaswi kutoka nje hata siku moja. Atakayeupata anaweza kujifanya benki, nawe usitambue.

Mafaili hayo hutengenezwa na kusomwa kwa programu maalumu. Mojawapo inayotumika sana duniani ni OpenSSL, iliyoanza mwaka 1998 ikiendeleza kazi ya Eric Young na Tim Hudson. Ni programu huria: maandishi yake yako wazi, yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia bila kulipa hata senti. Benki zikaichukua, makampuni yakaichukua, serikali zikaichukua.

Tarehe 7 Aprili 2014 dunia ikatangaziwa kwamba programu hiyo ina tundu, likaitwa Heartbleed, yaani moyo unaovuja damu. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kompyuta mbili zinapozungumza, moja huiuliza nyingine, "Bado upo?" Huipa neno na kuitajia urefu wake, na mwenzake hulirudisha. Programu haikuhakiki urefu huo. Mhalifu aliweza kutuma herufi moja akadai ni zaidi ya elfu 60, nayo kompyuta ikamjazia pengo kwa chochote kilichokuwamo katika kumbukumbu yake: maneno ya siri ya wateja, hata ule ufunguo.

Tundu hilo lilikuwamo tangu toleo la Machi 2012. Miaka miwili! Huko Kanada, mamlaka ya kodi ilikiri kwamba namba za utambulisho za watu wapatao 900 zimeibwa. Kila mahali mafundi wakawa mbioni kubadili funguo na vyeti.

Je, walinzi walikuwa wapi? Jibu linatia aibu. Programu hiyo ilitunzwa na watu wachache, wengi wakijitolea, na mmoja tu akiifanya kuwa kazi yake ya kutwa. Michango iliyopatikana ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka.

Wapo waliodakia kwamba hayo ndiyo malipo ya kupenda vya bure. Mimi sikubaliani nao. Kuwa wazi hakukuleta kosa. Ila tulijidanganya kwamba kitu kikiwa wazi basi bila shaka kuna anayekitazama. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kukisoma.

Mwezi uleule, makampuni kama Google, Microsoft na Facebook yakakubali kuchangia fedha kupitia Linux Foundation. Vyema, lakini walikuwa wameteka maji miaka mingi kabla ya kuuliza hali ya kamba.

Swali ni letu pia. Taasisi zetu zinazojivunia huduma za mtandao nazo huteka katika visima vya namna hiyo. Ni ngapi zinazomlipa japo kijana mmoja asome maandishi hayo, aone kasoro, arudishe marekebisho? Kisima hakikauki kwa sababu ni cha wote. Hukauka kila mmoja anapobeba ndoo tu.

Kwa leo ni hayo.