Udaktari wa Mlango wa Pili

 

Leo tuzungumze juu ya heshima ambayo vyuo vikuu huwapa watu waliowahi kusoma hapo, kwa ajili ya yale waliyowatendea wengine. Pengine unasema: hayo yanihusu nini mimi niliye kwenye foleni ya maji? Subiri kidogo.

Mwaka 1987 kijana wa Kinshasa aliingia Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Alikuwa amepata ufadhili wa USAID, shirika la misaada la Marekani, na nia yake ilikuwa kusomea udaktari arudi kutibu watu wa kwao. Jina lake Dikembe Mutombo. Urefu wake ulizidi mita mbili, na kocha wa mpira wa kikapu, John Thompson, hakuweza kuupuuza. Mwaka 1991 Mutombo alihitimu, lakini katika isimu na diplomasia. Udaktari aliuacha njiani, akawa mchezaji wa kulipwa.

Wewe uliyesomeshwa kwa ufadhili, au kwa ng'ombe wa baba, unajua maneno yanayomngoja mtu wa namna hiyo nyumbani. Tulikutuma ukalete daktari, umeleta nini?

Mama yake, Biamba Marie, alipatwa na kiharusi miaka ya 1990, Kinshasa ikiwa katika machafuko. Hakuweza kufikishwa hospitali kwa wakati, akafariki. Mwanawe alikuwa tayari mtu wa fedha na sifa, lakini fedha haikuwa na pa kupita usiku ule. Ndipo wazo la hospitali likashika mizizi. Ujenzi ulichukua miaka, na harambee haikuwa rahisi hata kwa mtu mashuhuri kama yeye. Hospitali ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007: vitanda 300, gharama dola milioni 29. Karibu nusu au zaidi ilitoka mfukoni mwake. Ikaitwa jina la mama.

Mwaka 2010 Georgetown ilimwita tena, ikamvisha joho na kumpa shahada ya heshima ya udaktari, naye akazungumza na wanaohitimu. Ule udaktari alioufuata mwaka 1987 aliupata kwa mlango wa pili. Mutombo alifariki Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Hospitali ipo.

Wazazi, msinirushie mawe. Sisemi watoto waache vitabu wakimbilie mpira. Wachezaji wanaojenga hospitali ni wachache mno. Na wapo waliokwenda kutafuta udaktari wakarudi nao. Denis Mukwege wa Bukavu alisomea udaktari hapa hapa jirani, Chuo Kikuu cha Burundi, akamaliza mwaka 1983. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Daktari anahitaji kitanda, dawa na umeme, na kitanda nacho kinahitaji daktari. Chuo kinachojua kuheshimu humtambua huyu na yule.

Kwetu tumezoea kuona joho la heshima likimwangukia aliye madarakani, au mfadhili ambaye hundi yake bado inasubiriwa. Kwa maoni yangu joho kama hilo linamfundisha mwanafunzi kitu kimoja tu, nacho si kizuri. Tuzo ya aliyesoma hapo ni tofauti, maana wanafunzi wanaona mtu aliyekaa kwenye madawati yale yale, akala chakula kile kile cha bweni.

Sasa nakuja kwako. Tuzo nyingi za namna hii hazimtafuti mtu. Hutegemea aliyesoma naye alitaje jina lake. Labda unamjua: mkunga aliyehitimu Bujumbura na sasa anazalisha wanawake kambini, au mwanasheria wa Kinshasa anayewaandikia wakimbizi barua bila malipo. Andikia chuo chake. Taja mwaka aliohitimu, kazi anayoifanya na mahali anapoifanyia, na watu wawili wanaoweza kuithibitisha. Usimpambe kwa maneno makubwa. Ukisema amepokea watoto wangapi, inatosha.

Lakini kabla hujaandika, muulize yeye mwenyewe. Katika nchi zetu kuna kazi njema ambazo jina likishatangazwa, anayeifanya hawezi tena kupita ile barabara salama. Akikataa, usimshurutishe. Mpelekee glavu, sabuni au mafuta ya taa.