Nguvu ya Chanzo: Sharti Linalosahaulika Katika Kupima Vifaa vya Umeme

Kukatika kwa umeme kila mtu anakujua na kila mtu anakulalamikia. Kushuka kwa volti kwa muda mfupi hupita kabla mtu hajainua macho. Tawi limegusa waya au radi imepiga laini ya jirani. Mkondo mkubwa unakimbilia penye hitilafu, na volti ya eneo zima inaanguka mpaka sakiti breka itenge laini ile. Mota ya mashine ya kusaga ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa kama mara 6 ya ule wa kawaida, na majirani wa transfoma hiyo huona taa zikififia. Mara nyingi mambo hayo hayafiki sekunde moja, lakini hutosha kuzima kompyuta, kuangusha kontakta kiwandani, au kusimamisha mashine ya hospitali katikati ya kipimo. Kwa vifaa visivyozidi ampia 16 kwa kila fezi, namna ya kupima kama kifaa kinastahimili kushuka huko imewekwa na kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 61000-4-11.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Volti inashushwa hadi asilimia 70 kwa nusu sekunde, au hadi asilimia 40 kwa sekunde 0.2, au hadi asilimia 80 kwa sekunde 5, au inaondolewa kabisa kwa nusu mzunguko, yaani milisekunde 10 katika umeme wetu wa hezi 50. Kisha mpimaji anatazama kifaa kimefanya nini. Hoja yangu ni kwamba tarakimu hizo za volti na muda, ambazo ndizo wanunuzi huulizia, hazithibitishi chochote mpaka ijulikane chanzo cha umeme kilichotumika kilikuwa na nguvu kiasi gani. Chanzo dhaifu ni mtahini mwenye huruma isiyo na mahali: humpitisha mtahiniwa aliyepaswa kurudia, na hakuna anayegundua mpaka kifaa kifike kwa mtumiaji.

Tuanze na wakati volti iko chini. Vifaa vingi vya leo vina saketi ya kubadilisha umeme inayojirekebisha: volti ikipungua, huvuta mkondo zaidi ili nguvu ibaki ile ile. Kifaa kinachotumia ampia 16 kwa volti kamili kitataka ampia 20 volti ikiwa asilimia 80, karibu ampia 23 ikiwa asilimia 70, na ampia 40 ikiwa asilimia 40. Mtu yeyote anaweza kulihakiki hilo kwa kugawanya 16 kwa 0.8, kwa 0.7 na kwa 0.4. Ndizo tarakimu zile zile ambazo kiwango kinazitaka kwa chanzo, tena kwa sharti kwamba volti yake isiyumbe kwa asilimia 5 au zaidi kinapobeba mzigo huo. Chanzo kisichoweza hivyo kitazama chini ya asilimia 40 iliyokusudiwa, na aliyeandika "40" kwenye ripoti atakuwa ameandika kitu ambacho hakikutokea.

Hata hivyo, kishindo kikubwa zaidi huja volti inaporudi, na hapa naomba tukae kidogo. Ndani ya kifaa cha volti 230 mna kapasita inayojazwa kupitia rektifaya hadi kilele cha takriban volti 325. Volti ikishuka hadi asilimia 40, kapasita huweza kupungua hadi volti 130 hivi. Tuseme umeme unarudi ghafla wimbi likiwa kileleni: pana tofauti ya volti 195, na kama ukinzani wote wa njia ni ohmu 1, mkupuo wa mkondo utakaribia ampia 195. Kibaya zaidi, thamista iliyowekwa kupunguza mkupuo wakati wa kuwasha hufanya kazi yake ikiwa baridi, na wakati huu bado ni ya moto. Hapo ndipo fyuzi huungua na rektifaya hupasuka. Sasa weka mahali pa mtandao chanzo cha maabara, amplifaya inayojilinda kwa kukata mkondo kwenye ampia 50. Mkupuo hautokei, fyuzi haijui kitu, na kifaa kinafaulu.

Kwa sababu hiyo kiwango kinataka chanzo cha volti 220 hadi 240 kiweze kutoa kilele cha ampia 500, na uwezo huo huthibitishwa kwa kukiunganisha chanzo kupitia rektifaya na kapasita tupu ya mikrofaradi 1700. Kinataka pia volti ipande au kushuka ndani ya mikrosekunde 1 hadi 5 kwenye mzigo wa ohmu 100, maana mpando wa polepole nao hulainisha mkupuo.

Wapo wanaosema ampia 500 ni anasa. Gawanya 325 kwa 500, utapata ohmu 0.65. Impedansi ya rejea inayotumika kimataifa kwa laini za volti ndogo ni takriban ohmu 0.47. Kwa hiyo chanzo hicho hakijauzidi ukali mtandao wa kawaida. Kiko chini yake kidogo.

Pingamizi zito zaidi ni la nyumbani: laini zetu za vijijini ni ndefu na dhaifu, basi chanzo dhaifu si ndicho kinachofanana nazo? Kwa kijiji kilicho mwisho wa laini, dai hilo lina ukweli. Lakini kifaa hicho hicho kitauzwa pia kwa duka lililo hatua chache kutoka kwenye transfoma, na muuzaji hajui mnunuzi anaishi wapi. Tena udhaifu wa laini una kipimo, ilhali udhaifu wa chanzo cha maabara hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine. Anayetaka kuiga laini ndefu aanze na chanzo chenye nguvu, kisha aongeze impedansi anayoijua. Nakubali kwamba jaribio hili halisemi lolote kuhusu volti ndogo inayodumu jioni nzima, shida ambayo wengi wetu tunaishi nayo. Hiyo ina vipimo vyake.

Wala si kila maabara lazima inunue mtambo wa ampia 500. Kiwango chenyewe kinaacha mlango: pima mkupuo wa kifaa, kikiwa baridi na pia baada ya kukizima kwa sekunde 5, na ukiwa chini ya asilimia 70 ya uwezo wa chanzo ulicho nacho, endelea. Maabara ndogo inaweza kupima redio au taa kwa haki kamili. Ninachodai ni kwamba tarakimu mbili zichapishwe katika kila ripoti, kando ya neno "kimefaulu": kilele cha mkondo ambacho chanzo kinaweza kutoa, na mkupuo uliopimwa kwenye kifaa. Hospitali inayonunua mashine za kusaidia wagonjwa kupumua inastahili kuziona zote mbili kabla ya kutia saini.