MKURUGENZI WA MJI NA ACHAGULIWE KWA UJUZI WAKE

(Hotuba iliyosomwa na wajumbe wetu mbele ya wanachama wa Buhemba, Mkoa wa Mara. Tunaichapa yote ili ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao waisome.)



  Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sisi hatukuja na dawa. Tumekuja na jambo moja la kushauriana nanyi, nalo latuhusu sote, nyinyi wa Bara na sisi wa Visiwani: nani afaa kuwa mkurugenzi wa mji, na nani amchague?

Wengi wetu hukitazama kiti cha Rais, cha Mbunge na cha Mwakilishi, tukakisahau kiti hiki. Na hali mkurugenzi ndiye mshika funguo za halmashauri. Madiwani hupitisha azimio. Yeye hulitekeleza, au huliacha likalala kabatini. Ushuru wa huduma wanaotozwa wafanya biashara, ambao sheria imeuwekea kikomo, huingia katika hesabu anazozisimamia yeye. Nyinyi wa Buhemba, ambao ardhi yenu imechimbwa dhahabu tangu zama za mkoloni, hamhitaji kufundishwa na mtu wa pwani uzito wa hesabu kama hizo. Hali kadhalika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haiwafikii wenyewe ila kwa mkono wa ofisi yake.

Basi mtu huyu hupatikana vipi? Huku Bara huteuliwa na Rais wa Jamhuri, na kwetu huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Madiwani waliochaguliwa na wananchi huletewa jina tu. Mwezi wa Julai 2016 walitangazwa wakurugenzi 185 kwa mkupuo mmoja, na 120 kati yao walikuwa wapya katika kazi hiyo. Hatusemi kwamba wote hawakufaa. Kusema hivyo ni dhulma, kwani wapo waliofanya kazi ya kusifiwa. Tunalolisema ni kwamba mwananchi wa Musoma, wa Bunda au wa Butiama hakupata pa kuuliza: huyu amesomea nini, amepata kuendesha nini, na alikotoka aliacha hesabu katika hali gani?

Tena kwa miaka mingi wakurugenzi hao hao ndio waliokuwa wasimamizi wa uchaguzi. Bwana Bob Chacha Wangwe, mwana wa marehemu Chacha Wangwe aliyekuwa Mbunge wa Tarime katika mkoa wenu huu, aliipeleka sheria hiyo mahakamani. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba yakwenda kinyume na Katiba; Oktoba ya mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Sheria mpya ya mwaka 2024 imeipa Tume uwezo wa kuteua wasimamizi miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma. Maneno ya sheria yamebadilika, lakini kalamu inayomweka mkurugenzi katika kiti chake ni ile ile moja.

Si mbali na hapa tulipokaa amezikwa Mwalimu Nyerere. Serikali yake ndiyo iliyozivunja halmashauri mwaka 1972, na mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978 baada ya huduma za miji kuzorota. Mwaka 1984, alipoulizwa ni yapi asingeyafanya lau angeanza upya, Mwalimu alitaja mambo mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Aliyekuwa na uwezo wote ule alikiri kosa lake, seuze sisi.

Watakuwapo watakaotujibu kwa mfano wa Dar es Salaam. Mwaka 1996 Baraza la Jiji lilivunjwa, na Tume ya Bwana Charles Keenja ikaendesha mji hadi mwaka 2000, na wengi wakasema taka zimepungua na barabara zimetengenezwa. Tunakubali. Mfano huo wathibitisha kwamba ujuzi una faida. Lakini kwa miaka ile mkaazi wa Dar es Salaam hakuwa na diwani wa kumuuliza lolote. Hakuna lazima ya kuchagua moja kati ya ujuzi na haki ya mwananchi.

Tazameni mji wa Dayton, nchini Marekani. Mwaka 1913 mafuriko makubwa yaliuharibu mji ule, na wakaazi wakaamua kubadili namna ya kuuendesha. Januari 1914 alianza kazi meneja wao, mhandisi Henry Waite. Hakuwa mtu wa Dayton. Walimleta kutoka mji wa Cincinnati kwa sababu ya kazi yake. Aliajiriwa na baraza lililochaguliwa na wananchi, na baraza hilo lilikuwa na uwezo wa kumwachisha. Karibu nasi zaidi, sheria ya Kenya ya mwaka 2011 juu ya miji imetaja sifa za meneja wa jiji, elimu yake na uzoefu wake.

Kwa hivyo tunataka mambo manne. Nafasi itangazwe hadharani. Sifa ziandikwe katika sheria. Madiwani wamhoji mtu kabla hajathibitishwa. Na akithibitishwa, asiondolewe ila kwa sababu iliyotajwa na kuandikwa.

Sasa tunafika pazito. Wamo kati yetu, Visiwani na hapa pia, wanaonong'ona: “Siku yetu ikifika, na sisi tutaweka wetu.” Ndugu zetu, maneno hayo yatatuangamiza. Mwenye jahazi hampi mjomba wake usukani kwa kuwa ni mjomba wake, maana bahari haiulizi nasaba. Ikiwa tutashika madaraka, na mwenye ujuzi kushinda wote akawa si mwanachama wetu, je, tutampa kazi? Chama kisichoweza kulijibu swali hili leo, kikiwa hakina hata kiti kimoja cha kugawa, hakitaliweza siku kitakapokuwa navyo mia.

Twawaomba mlijadili swali hilo katika matawi yenu, nasi tutalipeleka katika matawi yetu ya Unguja na Pemba. Majibu na yaandikwe, ili baadaye tusije tukakana.