Kupima Mwendo wa Kijana Mgonjwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache juu ya vijana wetu wa Meru na Embu wanaotibiwa saratani. Kijana huyo hupimwa damu na uzito. Lakini mwendo wake, yaani jinsi anavyotembea na kujishughulisha, mara nyingi haupimwi.

Desturi zetu twazijua. Mtoto arudipo Meru kutoka matibabuni Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 200, huambiwa alale, asiguse mtungi wala jembe. Huo ni upendo. Lakini misuli isiyotumiwa hulegea. Tena dawa iitwayo vinkristini yaweza kudhoofisha mishipa ya fahamu ya miguuni, na doksorubisini yaweza kuudhuru moyo. Hivyo ugonjwa waweza kuondoka, na udhaifu ukabaki.

Njia za kupima ziko. Kuna chombo kidogo kivaliwacho kiunoni au mkononi, kihesabucho mitikisiko ya mwili mchana kutwa. Kuna karatasi ya maswali; lakini watu husahau, na karatasi iliyotungwa mbali yaweza kuuliza habari za baiskeli na mpira, isiulize kuteka maji, kuchuma majani chai, wala kupanda kilima kwenda shule. Tena kuna kutembea dakika 6 mbele ya mganga, katika njia iliyonyoka ya mita 30, na umbali ukaandikwa. Hiyo yataka saa na kamba ya kupimia tu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wajishughulishe kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Lakini mgonjwa asilinganishwe na ndugu yake mzima. Alinganishwe na nafsi yake ya juma lililopita. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, kila nyumba yenye mgonjwa iweke daftari: leo amefika wapi, kwa dakika ngapi, amepumzika mara ngapi. Daktari akiona hatua zimepungua, atauliza sababu mapema. Pili, siku ya homa, ya kizunguzungu au ya kutokwa damu, asihimizwe kutembea, bali apelekwe hospitali mara moja.

Sisi makarani twajua kuwa lisiloandikwa husahauliwa. Hatua za watoto wetu zisisahauliwe.