Bwawa na Umbo la Samaki

Kila akaaye kando ya mto ajua ya kuwa mto ukizibwa kwa ukuta maji hupanda, mashamba ya bondeni huzama, na watu huhama. Hayo yaonekana kwa macho. Tutakalolieleza leo halionekani upesi, nalo ni hili: samaki waliobaki nyuma ya ukuta ule huweza kubadilika umbo.

Fundi achongaye mtumbwi wa kupanda mkondo mkali huufanya mwembamba, maana ukiwa mpana hupingwa na maji na kuwachosha wapiga kasia. Samaki wa mtoni ni vivyo hivyo. Hata akionekana amesimama mahali pamoja yumo kazini, kwa kuwa akiacha kuogelea atachukuliwa. Mwili mwembamba humpunguzia taabu hiyo. Lakini mkondo ukifa, wembamba haumfai sana. Katika maji yaliyotulia yafaa zaidi kugeuka upesi na kupenya kati ya majani na visiki, na kwa kazi hiyo mwili wenye kimo, yaani mrefu toka mgongo hata tumbo, ni bora. Tena samaki wa kimo ni mgumu kumezwa. Kinywa cha adui kina mpaka wake.

Je, jambo hili limepata kupimwa? Naam. Katika nchi tambarare za katikati ya Marekani yuko samaki mdogo wa vijito, ambaye wataalamu humwita Cyprinella lutrensis. Mwaka 2011 Nathan Franssen alitangaza habari za samaki huyo katika mabonde 7 yenye mabwawa. Kote aliona mamoja: wa bwawani walikuwa na kimo zaidi na kichwa kidogo kuliko ndugu zao wa kijitoni.

Wanafunzi hawatakosa kuuliza: umbo hilo limetoka kwa wazazi, au ni malezi tu? Bwana huyo aliwalea watoto wa samaki wa bwawa na wa kijito, wengine pamoja na samaki mla samaki, wengine bila yeye. Adui alipokuwapo watoto wa pande zote mbili walibadilika kidogo. Walakini tofauti kati ya uzao wa bwawa na uzao wa kijito haikufutika. Basi malezi yana sehemu yake, na urithi una yake. Twaona ni ajabu kubwa, maana mabwawa mengi ya nchi ile yamejengwa katika karne ya 20 tu.

Tusichanganye kimo na ukubwa. Katika Kariba, bwawa la mto Zambezi lililozibwa mwaka 1958, walipandikizwa mwaka 1967 na 1968 samaki jamaa ya dagaa waliotolewa ziwa Tanganyika. Kwao huweza kupita sentimita 15. Kariba wengi hawafiki nusu yake. Hilo ni jambo la ukubwa.

Mvuvi aweza kusema, yanipasa nini mimi? Yampasa. Wavu wa macho hunasa kwa unene wa mwili: samaki mwembamba hupenya tundu ambalo mwenye kimo, wa urefu ule ule, hukwama. Umbo likibadilika, wavu wa jana huweza kuvua wachanga. Tena si kila samaki awezaye kubadilika; wako wasioweza kuzaa pasipo maji yaendayo, na hao hutoweka bwawani.

Bwawa la Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022. Asiyekuwa na vipimo vya samaki wa siku hizi hatakuwa na cha kulinganisha baadaye, na kazi hii haihitaji fedha. Mlaze samaki ubaoni. Pima kwa rula toka ncha ya mdomo hata shina la mkia; kisha pima kimo mahali mwili ulipo mpana kupita pote. Akiwa na urefu wa sentimita 12 na kimo cha 3, kimo chake ni robo ya urefu. Andika daftarini jina lake, mahali alipovuliwa na tarehe. Mlinganishe perege na perege, kambale na kambale, wala usiwachanganye wachanga na wakubwa. Shule iliyo karibu na bwawa ipime pia samaki wa mto uingiao bwawani, mbali kidogo, mahali ambapo mkondo ungali na nguvu.